Chungu cha Mama Mkwe Kwenye Bahari ya Barafu

Kila ninapoulizwa habari za safari ile pale karakanani Dunga, ufuoni hapa Kisumu, sifiki mbali. Nikianza tu, mtu ananikatiza: "Na pengwini je?" Kwa hiyo nawamaliza pengwini hapa mwanzoni ili tuendelee. Ni ndege. Hawaruki. Wananuka kama ufuo wetu siku ambayo omena wamenyeshewa kabla ya kukauka. Hawamwogopi binadamu. Nilipokuwa nikisafisha plagi, mmoja alisimama nyuma yangu karibu saa nzima akitazama kazi bila kusaidia, kama wafanyavyo baadhi yenu.

Ninalotaka kuandika sawasawa ni habari ya chungu, kwa sababu imeshaanza kusimuliwa sokoni kwa namna isiyo ya kweli.

Nilivyopata nafasi ni jambo la sentensi mbili. Daktari Birgit, mama wa Norwe aliyefanya utafiti wa samaki ziwani miaka ya themanini, na ambaye injini za boti zake nilizitengeneza mimi, siku hizi anaongoza meli ya watalii wanaokwenda kuchunguza Antaktika, yaani kwenye Ncha ya Kusini ya dunia. Fundi wake wa boti za mpira alivunjika mguu, naye akanikumbuka. Viza, chanjo na tiketi naziruka.

Nyumbani

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilipoulizwa ninakwenda wapi, nilijibu kwa ufupi: "Sauth, kwa meli." Nilisahau kwamba huku kwetu Sauth ni Nyanza Kusini: Homa Bay na sehemu zake, ng'ambo ya ghuba. Kila wiki watu huenda Sauth kwa meli na kurudi na njugu. Hakuna aliyeshangaa. Jirani mmoja aliniagiza kilo mbili, na akasisitiza ziwe zile nyekundu.

Nilipojaribu kurekebisha kwa kusema "Sauth Pole", mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu katika Dholuo, lugha yetu, polo ni mbinguni. Akina mama wa kanisa walisikia kwamba Baba Akoth anakwenda mbinguni kwa meli. Walikuja wanne kuniombea, na mmoja wao akamwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama nimeshaandika wosia.

Asubuhi ya kuondoka akafika mama mkwe wangu, Mama Dorina, kutoka Pap Onditi. Alikuwa amebeba chungu kichwani. Hakunipa mkononi, kwa sababu mama mkwe na mkwe wake hawapeani vitu hivyo hivyo kama wauzaji. Alikiweka chini kati yetu, akarudi nyuma, akakaa upande wa pili wa ua.

"Baba Akoth, nimesikia unaenda Sauth."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa meli."

"Kwa meli, Mama."

"Basi Mungu amejibu."

Lazima nieleze. Mama Dorina ana dada mkubwa, Mama Peres, aliyeolewa Homa Bay. Mama yao alipofariki, chungu chake cha maji kilipaswa kwenda kwa Peres, kama mzaliwa wa kwanza. Kilimponyoka Dorina mikononi, kikavunjika. Peres akasema kimeachiliwa makusudi. Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, hawakusemezana. Walikutana msibani tu, kila mmoja upande wake wa kaburi. Sasa Dorina alikuwa amewaendea wafinyanzi wa Nyakach, akakataa vyungu viwili, akakubali cha tatu kwa sababu shingo yake na michoro yake ilifanana na ya kile cha mama yao. Alikijaza unga wa wimbi, yaani ulezi, maana chungu cha amani hakipelekwi kitupu, akakifunga mdomo kwa kitambaa.

"Umpe mkononi mwake," alisema. "Wewe mwenyewe. Ukimpa mtu mwingine, atafika aseme kimevunjika njiani, na Peres ataamini anachotaka kuamini."

Msomaji atauliza kwa nini sikumwambia hapo hapo kwamba Kusini kwangu si Kusini kwake. Jibu ni kwamba mkwe habishani na mama mkwe. Hata kumtazama usoni kuna kipimo chake. Nilisema "Ndiyo, Mama", na kwa maneno hayo mawili nikawa nimekipeleka chungu Antaktika.

Nilitumaini kumwachia mke wangu, lakini Mama Dorina na wale akina mama wanne walitusindikiza mpaka stendi.

"Mbona basi ya Nairobi?" aliuliza Mama Dorina.

"Napitia Nairobi kwanza, Mama."

"Haya. Maliza yako ya Nairobi, kisha Sauth."

Mke wangu aliniegemea. "Chukua tu. Nitamweleza polepole."

Muhoroni

Basi lilipita njia ya Muhoroni kwa sababu mto ulikuwa umefurika upande wa Ahero. Kabla ya Muhoroni, trela la trekta lilikuwa limepinduka na kumwaga miwa barabara nzima. Tulikaa hapo saa tatu na dakika ishirini. Kwa robo saa ya kwanza abiria walilalamika. Baada ya hapo waliteremka na kuanza kutafuna kizuizi chenyewe.

Nilikaa na chungu mapajani. Jirani yangu alikuwa Mama Wanjiru, mfanyabiashara anayeuza sahani na vikombe sokoni Kisumu.

"Mzee, hiyo chungu unapeleka wapi?"

"Kusini."

"Kusini? Hii gari inaenda Nairobi, mzee. Umepanda mbaya."

Nilimweleza yote, kwa mpangilio, tangu kifo cha mama wa Dorina na Peres. Alitafuna muwa wake hadi mwisho.

"Sasa huyo dada yako Homa Bay iko pale nyuma, na wewe unabeba chungu yake mpaka kwa barafu."

"Si dada yangu. Ni dada ya mama mkwe."

"Na hukusema kitu."

"Ni mama mkwe."

"Wajaluo!" alisema Mama Wanjiru, si kwa ubaya. Kisha akakitazama chungu kwa jicho la kazi. "Na umeshika vibaya. Hapo Kericho itakuwa vigae."

Alinifundisha jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote. Chombo cha udongo hakikazwi. Kinalazwa pasipo kugusa ukuta wa sanduku, na kilichojaa ndani yake kinakisaidia kisipasuke. Alinikusanyia majani makavu ya miwa, akanipa katoni ya sahani iliyokuwa tupu, akapakia mwenyewe. Kisha akatikisa katoni sikioni kama anayesikiliza saa.

"Iko sawa. Lakini mzee, ukirudi, ongea na hao wamama."

Nairobi hadi Buenos Aires

Nairobi nililala kwa binamu yangu. Nilikuwa na wazo la kukiacha chungu kwake mpaka nirudi. Nikahesabu watoto watano na mpira mmoja ukumbini. Nikahesabu pia wiki saba za safari yangu. Chungu kikibaki pale, kuvunjika ni hakika. Kikienda baharini, kuvunjika ni uwezekano tu. Nikachagua uwezekano.

Sehemu ya ndege naifupisha. Niliketi saa nyingi, nilikula kuku mara nne, na chungu kilikaa miguuni pangu.

Forodhani Buenos Aires, ofisa alifungua katoni. Majani ya miwa aliyatupa papo hapo. Akafungua kitambaa, akaona unga wa rangi ya kijivu chenye wekundu kidogo. Akaniuliza kwa Kiingereza kilichofanana na changu: "Nini hii?"

Hapa lazima niseme jambo la lugha. Dholuo ina neno moja, en, kwa mwanamume, mwanamke na kitu. Ukiwa umekulia humo, hata ukisoma Kiingereza miaka thelathini, siku ya hofu ulimi hurudi nyumbani. Nilitaka kumwambia kwamba chungu ni cha mama mkwe na ninakipeleka Kusini kwa dada yake. Nilichosema, nimekuja kukigundua baadaye, ni hiki: "Mama mkwe wangu. Ninampeleka Kusini kwa dada yake."

Ofisa alivua kofia. Alifunga kitambaa kwa mikono miwili, taratibu, kuliko hata wafinyanzi wenyewe. Akafanya ishara ya msalaba na kunipitisha mbele ya foleni nzima. Niliandika kwenye daftari langu: "Watu wa hapa wanaheshimu wakwe."

Nyuma yangu kwenye foleni walikuwa wazee wawili, mume na mke: Bwana Walter, daktari wa meno mstaafu, na Bi. Margaret. Tulikutana tena Ushuaia, mji wa mwisho wa bara lile. Tulipandia meli huko. Wao walikuwa abiria wa meli yetu. Bi. Margaret alinishika mkono.

"Pole sana. Ilikuwa ghafla?"

Nikafikiri anazungumzia mzigo. "Ghafla sana, Mama. Asubuhi ile ile ya kuondoka."

"Na bado ukaja!"

"Nilikuwa nimeshaahidi."

"Na dada yake yuko huko Kusini?"

"Huko huko. Hawajasemezana miaka kumi na moja."

Machozi yakamtoka. "Sasa watakuwa pamoja."

"Hilo ndilo tumaini la familia," nilisema.

Bahari

Kati ya Amerika Kusini na Antaktika kuna siku mbili za bahari ambayo haina adabu. Ziwa letu hukasirika alasiri, likapiga mawimbi mafupi, likatulia. Bahari ile haichoki. Nilifunga boliti kwenye uzi, nikaining'iniza katika chumba changu, nikapima ulalo wa meli: digrii thelathini na tatu upande mmoja. Chungu nilikilaza kitandani kati ya magodoro mawili, kikiwa kimevikwa sweta zangu zote. Mimi nililala sakafuni na koti.

Katika muda huo niliona kwamba ninatendewa wema usio wa kawaida. Mabaharia walinipisha ngazini. Mpishi aliniongezea nyama bila kuniuliza. Nahodha, mtu mrefu asiyesema sana, aliniita pembeni akaniambia sheria za Antaktika haziruhusu kumwaga chochote ufuoni, lakini angeweza kusimamisha meli baharini kwa dakika kumi "kwa ajili ya mama". Nikamshukuru. Nilidhani ni Siku ya Akina Mama ya kwao.

Siku ya pili Bwana Walter alizidiwa na kichefuchefu. Alikuwa mtu mnene, sasa ngozi imemlegea kama gunia. Hakuna kilichokaa tumboni. Nilijua dawa moja tu, na mnaijua nanyi: uji wa wimbi, mwepesi, bila maziwa. Nilikaa na chungu nikalifikiria jambo lile. Unga ni wa Mama Peres. Lakini mgonjwa ni mgonjwa, na unga hurudishwa. Nikachota vijiko vitatu, nikafunga mdomo tena kama ulivyokuwa, nikaenda jikoni na chungu kwapani kwa sababu sikuthubutu kukiacha.

Uji uliiva vizuri. Nilimpelekea kikombe, akanywa nusu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili kitu kikakaa. Nikarudi jikoni kuongeza. Ndipo Bi. Margaret akaingia kuomba maji ya moto. Alinikuta mwiko mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, kijiko kikiwa ndani ya chungu.

Nimesikia mlio wa mkanda wa injini ukikatika kwenye kasi kubwa. Ukelele wa Bi. Margaret ulikuwa mkali zaidi.

"Unamfanyia nini?"

"Ninapika, Mama."

"Unampika?"

"Bwana Walter ameshakunywa nusu. Anaendelea vizuri."

Alikaa chini sakafuni. Mpishi alivua aproni yake akaikunja, sijui kwa nini. Nahodha akaja, na Daktari Birgit nyuma yake akikimbia huku meli ikimrusha ukuta hadi ukuta.

"Nani yumo humo ndani?" aliniuliza Daktari Birgit.

"Hakuna mtu humo. Ni wimbi."

Bi. Margaret aliinua uso. "Wimbi ndilo lilikuwa jina lake?"

Daktari Birgit, ambaye amekunywa uji Dunga miaka mitatu, alichungulia, akanusa, akaegemea jokofu na kucheka mpaka akakosa pumzi. Ndiye aliyenieleza kwamba kwao maiti huchomwa, na majivu yake hubebwa katika chombo kama hiki. Nahodha hakucheka. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, maneno aliyoyaandaa kwa ajili ya zile dakika kumi za kumwaga majivu baharini, akaitazama.

"Kwa hiyo mama mkwe wako yuko wapi?"

"Pap Onditi, Bwana Nahodha. Saa hizi atakuwa anapalilia."

Akakunja karatasi tena, akairudisha mfukoni. Wakati huo sauti ya Bwana Walter ikasikika kutoka chumbani kwake, dhaifu lakini wazi, akiuliza kama kuna uji mwingine.

Barafu

Antaktika ni kweli ipo. Nasema hivyo kwa sababu wawili kati yenu wamenisisitizia kwamba haipo. Asubuhi ya tatu bahari ililala kama mafuta kwenye karai. Mbele yetu ilisimama milima myeupe, na kati yake barafu ya buluu kama sabuni ya kipande. Ni kimya ambacho mtu wa Kisumu hana mahali pa kukiweka. Nilizima injini ya boti nikasikiliza, na kwa muda sikuandika chochote daftarini.

Kazi yenyewe ilikuwa kazi. Petroli haiwaki upesi kwenye baridi ile, vidole havijui boliti ni ipi, na ukidondosha kipuri hakuna wa kumtuma dukani. Injini sita, nazo zote zilifanya kazi. Hilo ningependa lijulikane pia.

Chungu hakikushuka nchi kavu, kwa kuwa sheria inakataza kupeleka chakula au udongo ufuoni. Lakini sasa kilikuwa na jina melini. Abiria walikiita "Mama", na kila mmoja alitaka kupiga naye picha. Nilikataa siku nne. Siku ya tano Bi. Margaret, aliyekuwa bado ananionea haya, aliniomba kwa upole hata nikashindwa. Nilikifunga kamba mbili, nikakiweka juu ya meza ya sitaha, nikashika ncha zote mbili mwenyewe.

Meli ikagusa kipande cha barafu. Haikuwa kishindo, ila kama mtu anapogonga mlango kwa bega. Kamba moja ikateleza. Chungu kikainama na kubingirika hadi ukingo wa meza, na mimi nikamwona Mama Dorina upande mmoja wa kaburi na Mama Peres upande mwingine, miaka mingine kumi na moja, na safari hii sababu ni mimi.

Bwana Walter alikidaka kwa tumbo. Alikikumbatia na kukaa nacho chini, wote wawili wazima.

"Nina deni na huyu mama," alisema.

Sikuruhusu picha tena. Mkataba wangu ulikuwa wa safari mbili. Ya pili siisimulii, kwa sababu chungu hakikutoka kati ya magodoro.

Kisumu hadi Homa Bay

Niliporudi, swali langu la kwanza kwa mke wangu lilikuwa, "Ulimweleza?"

"Nilikuwa nangojea nafasi nzuri."

"Wiki saba?"

"Wewe ulikuwa na nafasi asubuhi nzima ukasema 'Ndiyo, Mama'. Usinianze."

Nilijaza unga upya, nikapanda meli ya Homa Bay kesho yake asubuhi. Ilichelewa saa mbili, nami sikuwa na haraka. Njia nzima nilipanga maelezo yangu: kwanza umbo la dunia, kisha maana mbili za neno Kusini, kisha ratiba yenye tarehe. Nilikuwa na ramani. Bado sikujua kama Mama Peres angekubali hata kukipokea.

Nilipofika uani kwake nilikuta wanawake wawili kwenye mkeka mmoja, wakimenya njugu kwenye ungo mmoja. Mmoja alikuwa Mama Peres. Mwingine alikuwa mama mkwe wangu.

Niliyajua yote baadaye kidogo, maana waliyasema kwa pamoja. Mama Dorina alingoja jibu la chungu wiki moja, mbili, sita. Akaamua kwamba dada yake amekikataa kwa dharau. Hasira ilimpandisha gari hadi Homa Bay. "Umekataa chungu changu?" alipiga kelele langoni. "Chungu gani?" alijibu Peres. Siku ya kwanza waligombana juu ya chungu hiki. Siku ya pili juu ya kile cha zamani, mpaka kikaisha. Tangu siku ya tatu walikuwa wakinilaumu mimi.

Nilikiweka chini, nikasimama mbali kama inavyopasa.

"Ulikuwa wapi, Baba Akoth?" aliuliza Mama Dorina. "Wiki saba! Meli ya Homa Bay ni nusu siku!"

Nikafungua ramani. "Mama, dunia ni mviringo..."

"Tunajua," alisema Mama Peres. "Lakini Homa Bay iko palepale."

Nikaikunja ramani. Mama Peres alikivuta chungu, akakigonga kwa kidole mara moja, akatega sikio. Akakizungusha, akagonga upande wa pili. Alipapasa shingo yake na ile michoro kwa muda mrefu, bila kumtazama mtu.

"Kizima," alisema. Kisha akamgeukia dada yake. "Sasa huyu, Dorina, tumvunje wapi?"

"Tuanze na miguu," alisema mama mkwe wangu. "Ndiyo iliyompoteza."